Kuchora Ramani ya Treni za Nairobi: Pale Reli Inapogawanyika

Kabla hujafungua programu ya kuchorea, amua mstari wako unawakilisha nini: reli iliyolala chini, au treni inayopita juu yake. Fundi anataka kuona reli. Abiria wa Githurai anataka kujua apande treni ipi ili asijikute Embakasi. Mimi humchorea abiria.

Hatua ya 1: Orodhesha reli. Kutoka Nairobi Central, reli ya magharibi hupita Kibera na Dagoretti hadi Kikuyu na Limuru. Mashariki, treni hupitia Makadara kisha zikaachana: nyingine Dandora, Githurai, Kahawa hadi Ruiru, nyingine Embakasi Village, nyingine Imara Daima na Syokimau.

Hatua ya 2: Orodhesha treni, kando kabisa na reli. Andika kila treni inatoka wapi, inaishia wapi, inasimama wapi na saa ngapi. Usiruke saa. Treni zetu nyingi ni za asubuhi na jioni, na mstari mnene humwahidi mtu usafiri wa mchana kutwa. Treni ya namna hiyo ichore kwa mstari wa vipandevipande.

Hatua ya 3: Gawa rangi. Hapa ndipo penye kazi. New York hutumia rangi kwa reli ya pamoja na herufi kwa treni: A, C na E zote ni za buluu kwa kuwa hupita Eighth Avenue. London, njia ya treni iitwayo Northern line ina rangi moja nyeusi ingawa katikati ya mji inapita njia mbili, ya Bank na ya Charing Cross, kwa hiyo abiria hana budi kusoma kibao. Overground, mtandao mwingine wa treni za London, nayo ilikuwa ya rangi ya chungwa mtandao mzima, hadi mwaka 2024 ilipogawanywa katika njia sita, kila moja na jina na rangi yake.

Kwa Nairobi nashikilia rangi moja kwa kila mwisho wa safari. Matawi yetu ni machache, macho yatayamudu. Mfumo wa New York unafaa pale treni zinapokuwa nyingi hadi rangi zikaisha.

Hatua ya 4: Ipe Makadara nafasi. Kutoka Nairobi Central chora mistari mitatu sambamba: ya Ruiru juu, ya Embakasi katikati, ya Syokimau chini. Ukifuata mpangilio huo, itaachana bila kukatana. Alama ya stesheni iguse tu mistari ya treni zinazosimama hapo.

Hatua ya 5: Tenganisha SGR, yaani reli ya kisasa. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ya kisasa 1,435. Behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Kwa hiyo Nairobi Terminus, kule Syokimau, iwe mahali pa kubadilisha treni: alama mbili zilizounganishwa kwa kistari chembamba.

Hatua ya 6: Ijaribu. Mpe ramani mtu asiyepanda treni, umwambie: "Uko Makadara, unakwenda Kahawa." Akisita, tazama kidole chake kimekwama wapi, urekebishe papo hapo. Kisha andika pembeni tarehe ya ratiba uliyotumia, maana treni huongezwa na kuondolewa.