Ngogo wako haumwi, ana njaa

Nikiitwa kumtazama ngogo "mgonjwa" kwenye tangi la kioo sebuleni, kabla sijatua mkoba huuliza: huyu mnamlisha saa ngapi, na chakula gani? Jibu nalijua. "Ah, huyu halishwi, bwana samaki. Huyu kazi yake kufagia chini." Ndivyo walivyoambiwa siku ya kumnunua, na tangu siku hiyo samaki wa watu amefungishwa bila daku.

Ngogo si mfagio. Kinyesi cha wenzake hali. Mabaki yanayomfikia chini nayo ni machache kuliko mnavyodhani, hasa akichanganywa na samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, ambao hukidaka chakula juu kwa juu punje zisipate nafasi ya kuzama. Aina nyingi za ngogo hujificha mchana, giza likiingia ndipo hutoka kupapasa mchanga kwa sharubu. Huyu wa madoadoa meusi mnaempenda, Synodontis multipunctatus, huthubutu kutoka hata mchana, lakini kwenye kugombea chakula cha juu bado hupitwa. Sasa wewe unamrushia chakula kinachoelea saa sita mchana, taa zinawaka, halafu unalalamika kakonda!

Fuateni saa hizi. Saa 1:30 usiku lisheni kwanza samaki wa juu, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika 2, washibe na wapunguze fujo. Saa 2:00 zimeni taa ya tangi. Saa 2:30 ndipo wekeni chakula cha ngogo. Nimesema nusu saa. Wapo wanaozima taa na kumwaga chakula papo hapo, wale wa juu bado wako macho, wanakila chote.

Chakula kiwe kinachozama. Msiamini maneno ya muuzaji: tieni punje 5 kwenye glasi ya maji, na zikielea baada ya sekunde 10, hizo ni za samaki wa juu. Wenzake wakizidi ubabe, chukueni kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, mkisimamishe tangini mdomo wa chini ukiwa sentimita 2 juu ya mchanga, karibu na pango lake, mdondoshee punje humo.

Kipimo: ngogo wa sentimita 10 hutosheka na punje 5 au 6 za milimita 3 kwa usiku mmoja. Hiyo ni kama asilimia 1 ya uzito wake, na kwa kuwa mzani wa jikoni hausomi gramu 0.15, hesabuni punje kwa vidole. Wakiwa ngogo wanne, punje 20 hadi 24, basi. Siku moja kwa wiki msiwape kitu. Aliyekwisha kukonda aanze na punje 3 kila usiku kwa wiki nzima, ndipo mpandishe.

Naandika tarakimu hizi kwa sababu yupo niliyemwambia samaki wake ana njaa, akaenda kummwagia konzi nzima. Asubuhi maji yalikuwa kama uji na samaki wote wanahema juu. Chakula kilichooza hutoa amonia, nayo huunguza matamvua. Kipimo chake kwenye maji kinatakiwa kusoma 0, si "kidogo tu". Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, vuteni mabaki kwa mpira. Mkikuta punje zimebaki, usiku unaofuata punguzeni idadi hiyo hiyo. Mkikuta hakuna, msikimbilie kuongeza. Ngojeni siku 3 mtazame tumbo.

Mkate na ugali, acheni. Nyama ya ng'ombe pia, mafuta yake hayamfai samaki. Mara moja kwa wiki badala ya punje mnaweza kuwapa uduvi usio na chumvi, waliooshwa.

Na mkilazimika kumtoa, tumieni kopo, si wavu. Miiba yake husimama na kunasa kwenye nyuzi, nimeshakata nyavu nyingi za watu kwa mkasi.

Tumbo likijaa kidogo ukimtazama kwa mbele, na nyama ikirudi nyuma ya kichwa, anakula.