Jinsi ya Kukusanya Maoni ya Vijana Kuhusu Riwaya ya Njozi ya Kikristo
Kiongozi wa vijana kanisani hapa Kisumu anayetaka kujua jinsi riwaya ya njozi, yaani hadithi ya ulimwengu wa kubuni wenye maajabu, ilivyopokewa, tuseme The Lion, the Witch and the Wardrobe, ile ya mwandishi C. S. Lewis ya mwaka 1950 yenye simba Aslan, awape wasomaji karatasi kwanza waandike bila majina, kwa kuwa kijana akishamsikia mchungaji hurudia maneno yake. Asiulize kama kitabu ni kizuri, swali lisilozaa kitu. Aulize ni ukurasa gani waliousoma mara mbili, na kama Edmund, mvulana wa hadithi hiyo aliyewasaliti ndugu zake, alistahili kusamehewa. Suala la uchawi litazuka, hasa kwa wazazi, nao wasikilizwe hadi mwisho kabla ya kuonyeshwa kwamba mchawi wa hadithi hiyo ndiye adui anayeshindwa. Malalamiko kuhusu urefu wa sura yaandikwe tu.