Jinsi ya Kukitumia Kitenzi cha Kiingereza "Take" Bila Kung'ang'ania "Chukua"

Mgeni anayeshuka kwenye treni katika stesheni ya Kigoma humwambia mwendesha bodaboda, "Take me to Kibirizi", na kijana aliyefundishwa shuleni kwamba "take" ni "chukua" huielewa nusu tu ya maneno hayo, kwa sababu agizo lenyewe ni "Nipeleke Kibirizi". Hapo hakuna hasara, kwani jina la ufuko zinakoondokea boti za Gombe limeshaiokoa maana. Hasara huja pale mtu anapojibu mtihani, anapoandika barua ya kuomba kazi, au anaposoma maelezo kwenye pakiti ya dawa. Anayetaka kukimudu kitenzi hiki, basi, aanze na shauri moja ambalo mengine yote hapa chini yanalitegemea: aitazame nomino kwanza, kitenzi akitafsiri baadaye.

Jambo hili lisitushangaze, maana sisi wenyewe tunacho kitenzi cha namna hiyo. Tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga magoti na tunapiga kura, na katika yote hayo hakuna anayepigwa. Mwingereza anayejifunza Kiswahili kwa kukariri kwamba "piga" ni kuchapa kwa mkono au fimbo hutatizika vilevile tunavyotatizika sisi na "take", na dawa yake na yetu ni ileile: maana imebebwa zaidi na nomino, na kitenzi kimekuwa kipini tu cha kuishikia.

Kwa hiyo "take a photo" ni kupiga picha, "take a boat" ni kupanda boti, na "take an exam" ni kufanya mtihani. Anayeambiwa ofisini "Take a seat" anakaribishwa kuketi, wala haruhusiwi kuondoka na kiti. Tukisoma kwamba Jane Goodall, aliyefika Gombe mwezi Julai 1960, "took notes" kuhusu sokwe, tuelewe kwamba aliandika aliyoyaona. Tukisoma kwamba Wabelgiji "took Kigoma" mwaka 1916, tuelewe kwamba waliuteka mji. Na pakiti ya dawa inayosema "Take one tablet twice a day" inamwagiza mgonjwa ameze kidonge kimoja kutwa mara mbili. Mwenye kusoma "chukua" hapo anaweza kudhani anaelekezwa namna ya kuvitoa vidonge dukani.

Baada ya nomino, uangaliwe mwelekeo. Kiswahili kina vitenzi viwili, kuchukua na kupeleka, ambapo Kiingereza hutosheka na "take" peke yake, na kikiwa na neno "to" likifuatiwa na mahali au mtu, karibu kila mara ni kupeleka. "Take this fish to your grandmother" maana yake ni "Mpelekee bibi yako samaki huyu". Kinyume chake ni "bring", yaani kuleta. Kipimo chake ni mahali aliposimama msemaji: mzigo ukiondoka alipo kwenda kwingine ni "take", ukimjia alipo ni "bring". Mama aliye Ujiji akiwa kwenye simu na mwanawe aliye Mwanga atasema "Bring the palm oil", kwa kuwa mawese yanakuja kwake.

Kwenye muda, kiima huwa safari, kazi au neno tupu "it": "It takes three hours". Wengi wetu sasa husema "inachukua saa tatu", na sioni ubaya wake, ingawa "ni mwendo wa saa tatu" huingia vizuri zaidi masikioni mwangu. La kuangalia sana ni kwamba "saa tatu" kwetu inaweza kuwa urefu wa safari au kipindi cha asubuhi ambacho Mwingereza hukiita "nine o'clock". Mwenye boti asipotofautisha mawili hayo kwa Kiingereza, abiria wake ataachwa ufukoni.

Maumbo ya kitenzi ni "take", "took" na "taken", nayo hukaririwa kwa urahisi pamoja na "shake, shook, shaken". "Nilichukua" ni "I took", na "nimechukua" ni "I have taken". "I have took" ni kosa. Ugumu ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku sisi husema "nimepanda boti jana" bila wasiwasi, lakini Kiingereza hakikubali "have taken" kikae pamoja na "yesterday". Penye jana, juzi au mwaka uliotajwa, iandikwe "took".

Asili ya neno hili inasaidia kuelewa kwa nini lina mikono mingi. Waingereza wa kale hawakuwa nalo. Walitumia "niman", ndugu wa "nehmen", neno ambalo Wajerumani waliofikisha reli Kigoma mwaka 1914 walilitumia kwa maana ya kuchukua. Kisha wakaja watu wa Skandinavia kwa merikebu. Waliivamia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793, baadaye wengine wakalowea, wakalima na kuoa, hata Uingereza ikatawaliwa na mfalme wa Kidenmarki, Cnut, tangu 1016 hadi 1035. Lugha yao ilikuwa na kitenzi "taka", ambacho hakina undugu wowote na kutaka kwetu, na ambacho kilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 11, kikamsukuma "niman" pembeni hadi akatoweka. Watu wa Ujiji na Tabora, miji iliyokutanisha misafara ya pwani na wenyeji wa bara, hawahitaji kuelezwa sana jinsi maneno ya majirani yanavyohamia.

"Niman" aliacha mabaki mamoja yanayonifurahisha. Neno "numb", yaani kufa ganzi, limetokana na kitenzi hicho, na maana yake ya awali ni "aliyechukuliwa". Nasi tunasema mguu umeshikwa na ganzi.

Linabaki suala la vijineno vinavyokifuata kitenzi, navyo havina njia ya mkato. "Take off" ni kuvua nguo, lakini kwa ndege ni kupaa. "Take after" ni kufanana na mzazi. "Take over" ni kushika nafasi au madaraka ya mwingine. "Take part" ni kushiriki na "take place" ni kufanyika. Kila kimoja kijifunzwe kama neno zima, ndani ya sentensi yake. Katika "take off" yenye maana ya kuvua, kiwakilishi huingia katikati: "take it off", kamwe si "take off it", kama vile sisi tunavyoiingiza "-i-" katikati ya "aliivua". Lakini "take after" haigawanyiki: "She takes after him", amefanana na baba yake.