Maiki moja, karatasi ya A4 na godoro: kurekodi gitaa kavu chumbani

Mara ya kwanza nilipomrekodi mjomba wangu, nilimsogezea maiki mpaka ikakaribia kugusa tundu la gitaa. Niliamini sauti inatokea tunduni, basi maiki nayo ikae papo hapo. Mjomba akapiga dakika nne, macho kayafumba, kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene na cha shahada kinaimba kwenye nyembamba. Nilipomsikilizisha, alivua hedifoni, akaziweka kitandani taratibu, akasema: "Mjomba, hilo si gitaa langu."

Alikuwa sahihi. Kila alipogusa uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), sauti ilivimba ikafunika kila kitu, na kile kidole cha shahada kikazama kabisa. Hewa iliyomo ndani ya sanduku la gitaa ina mlio wake, kama chupa ukiipuliza mdomoni. Kwenye magitaa mengi makubwa mlio huo uko karibu na hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, na noti ya freti ya tatu kwenye uzi wa sita ni hezi 98. Kwa hiyo tundu huiitikia noti hiyo na jirani zake kuliko noti nyingine zote. Halafu maiki nyingi tunazotumia nyumbani zimetengenezwa zisikie zaidi upande mmoja, na maiki za aina hiyo huongeza besi kadiri unavyozisogeza karibu. Nilikuwa nimeyakusanya mambo yote mawili mahali pamoja.

Gitaa kavu hulia mwili mzima. Ubao wa mbele unatetemeka wote, hasa kuzunguka daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi mwilini. Shingoni kuna ung'avu wa nyuzi na mkwaruzo wa vidole. Tunduni kuna ile besi. Sikio la mtu aliyekaa mbele ya mpigaji hupokea vyote vikiwa vimeshachanganyika. Maiki nayo inahitaji umbali wa kutosha ili mchanganyiko huo uifikie.

Basi anza hivi. Mpigaji akae kwenye kiti kisicho na mikono na kisicholia. Maiki iwe sentimita 30 kutoka kwenye nyuzi, usawa wa freti ya 12, uso wake ukiinamia kidogo pale shingo inapoungana na mwili. Kama huna rula, chukua karatasi ya A4: upande wake mrefu una sentimita 29.7. Mimi ninayo moja, imeshachakaa kwenye kona, ndiyo kipimo changu kila siku.

Hapo ni pa kuanzia tu, na kazi yenyewe ndiyo inafuata. Mwambie mpigaji arudie kipande kimoja. Chuchumaa mbele yake, ziba sikio moja kwa kiganja, na lile lililo wazi ulielekeze kwenye gitaa. Sasa tembeza kichwa polepole kutoka shingoni kwenda darajani, kisha panda, kisha shuka. Utasikia sauti ikibadilika kila baada ya sentimita chache. Kuna mahali nyuzi zinakuwa kali, mahali pengine gitaa linasemea puani, halafu unafika mahali ambapo gumba na shahada vinalingana. Ukifika hapo usiondoke. Mwombe mtu aisogeze stendi mpaka maiki ikae palepale sikio lako lilipokuwa. Kwa mjomba, anayepiga kwa nyama ya vidole bila kucha wala piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi), mahali pake palikuwa sentimita 25, chini kidogo ya freti ya 14. Kwa kijana wa kwaya anayekung'uta kwa piki nilirudi nyuma mpaka sentimita 40, maana kwa karibu kila mkung'uto ulikuwa kama kofi.

Chumba nacho kinarekodiwa. Changu kina futi 10 kwa 11, plasta ukutani na vigae chini. Piga kofi moja katikati: ukisikia mlio wa kengele unaotetemeka, gitaa nalo litaupata. Nasimamisha godoro nyuma ya mgongo wa mpigaji. Wengi huliweka nyuma ya maiki, lakini maiki inatazama kwa mpigaji, na sauti inayogonga ukuta ulio nyuma yake ndiyo inayorudi moja kwa moja kwenye uso wa maiki. Chini natandika blanketi zito, na kabati la nguo naliacha wazi. Usimkalishe mtu katikati kabisa ya chumba, wala usimbananishe na ukuta. Besi haitamezwa na blanketi, hilo tusidanganyane, ila ule ukali wa juu utapungua sana.

Zima feni. Zima friji, na uweke funguo za nyumba ndani yake ili usisahau kuiwasha tena. Chomoa chaja ya laptopu kama unasikia mvumo wa umeme, rekodi kwa betri. Mimi hufanya kazi kati ya saa 5 usiku na saa 9, bodaboda zikishapungua na kabla ya adhana ya alfajiri. Mvua ikianza kugonga bati, funga kazi.

Sasa maiki yenyewe, swali ambalo kila mtu huanza nalo. Kondensa ndiyo inayolifaa gitaa kavu zaidi, maana kiwambo chake, ule utando unaotetemeshwa na sauti, ni chepesi na hukamata mguso mdogo wa kidole. Inahitaji volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, kwa hiyo hakikisha kitufe hicho kipo kabla hujalipa. Ile nyembamba yenye kiwambo kidogo hutoa sauti iliyo wazi na ya kweli. Ndiyo ningekuchagulia kama ungekuwa unarekodi gitaa tu. Ile nene yenye kiwambo kikubwa hufaa pia kwa kuimba. Yangu ni Audio-Technica AT2020 niliyoinunua Kariakoo ikiwa imetumika. Kelele yake ya ndani ni desibeli 20, wakati maiki nyingine ya kondensa, Rode NT1, iko kwenye 4.5. Kwa anayekung'uta hutasikia tofauti. Kwa mjomba mwenye vidole laini niliusikia mchirizi kwa mbali, ndiyo sababu nyingine iliyonifanya nisogee mpaka 25.

Kama unayo dainamiki tu, maiki isiyohitaji zile volti 48, tuseme Shure SM57, iliyopo sokoni tangu 1965, rekodi nayo. Itakutaka upandishe geini, yaani kikuza sauti cha saundi kadi, sana, hivyo isogeze sentimita 15 hivi, ukiikwepesha na tundu.

Kuhusu kiwango: weka biti 24, mwambie apige sehemu yenye nguvu kuliko zote, na kilele kiishie karibu na desibeli -12 kwenye mita ya programu ya kurekodia. Mtu akianza kupiga kwa moyo huongeza nguvu kuliko alivyojaribia, kwa hiyo acha nafasi.

Maiki mbili? Ukizitaka, ziweke vichwa vikaribiane kabisa, zimepishana kwa pembe ya digrii 90. Moja ikizidi nyingine kwa umbali wa sentimita 30, sauti huichelewa kwa karibu milisekunde 0.9, na ukizichanganya kuwa moja, sauti za karibu hezi 570 hupotea. Wasikilizaji wetu wengi wanatumia spika moja ya simu, yaani wataisikia hasara hiyo. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Katanga, nchini Kongo, mji unaoitwa Likasi leo, kwa sauti ya mono, yaani ya mkondo mmoja. Hata leo unasikia gumba lake na shahada lake kila kimoja mahali pake. Mjomba alijifunza upigaji wake kwa kusikiliza rekodi za namna hiyo redioni.

Ukimaliza, ifute maiki kwa kitambaa kikavu uifungie kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu. Unyevu wa pwani ukiingia kwenye kondensa, huanza kutatarika kama chumvi motoni.

Nilimrekodi mjomba upya, usiku wa Jumamosi, nikiwa na karatasi yangu ya A4 na godoro nyuma yake. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha nyuma mwenyewe, akasikiliza tena. Kisha akanishika bega: "Pale katikati gumba limeteleza. Nirudie, mjomba."