Jinsi ya kukagua fanksheni ya C inayopogoa stringi

Katika miradi ya programu huria, fanksheni ndogo za stringi (mfuatano wa herufi) ndizo zinazopitishwa harakaharaka. Ni mistari michache, na kila msomaji anaona ameielewa kwa kuitupia jicho. Mimi ndizo ninazozisoma polepole kuliko zote, maana huitwa kila pembe ya programu.

Tuchukue programu inayosoma majina ya steji za matatu za Mombasa kutoka kwenye faili: Likoni, Mwembe Tayari, Kongowea, Bombolulu. Faili limejazwa na watu wengi, basi majina yana nafasi tupu mbele na nyuma. Mchangiaji ameleta fanksheni hii ya kupogoa, yaani kuziondoa nafasi hizo:

```c
char *pogoa(char *s)
{
    char *mwisho = s + strlen(s) - 1;
    while (isspace(*s)) s++;
    while (isspace(*mwisho)) mwisho--;
    mwisho[1] = '\0';
    return s;
}
```

Hatua ya 1: Anza na wanaoiita

Kabla ya kuchambua ndani, endesha `git grep -n 'pogoa('` uone inatumiwaje. Fanksheni hii inarudisha `s` iliyokwisha kusogezwa. Mtu akiandika `jina = pogoa(jina);` na baadaye `free(jina);`, anaipa `free` (inayoachilia kumbukumbu) anwani ambayo `malloc` (inayoigawa) haikuitoa. "Kongowea" litapita salama, lakini " Kongowea", lenye nafasi moja mbele, litaangusha programu. Pia inaandika ndani ya stringi yenyewe, kwa hiyo `pogoa("Likoni ")` haifai kabisa. Masharti haya yote mawili yaandikwe juu ya fanksheni, kwenye maelezo.

Hatua ya 2: Ipe stringi tupu

Hapa kaa, usiwe na haraka. Kwa stringi tupu `strlen` inatoa 0, kwa hiyo `mwisho` inaelekeza baiti moja kabla ya bafa (sehemu ya kumbukumbu yenye stringi) kuanza. Hiyo si kumbukumbu yetu. Ikiwa baiti iliyopo hapo ni nafasi tupu, kitanzi kitaendelea kurudi nyuma, na sifuri (baiti ya `'\0'` inayofunga stringi) itaandikwa kwenye data ya mwingine.

Sasa ipe nafasi tatu tupu. `s` inasogea mpaka kwenye sifuri ya mwisho na kusimama hapo. `mwisho` inarudi nyuma, inapita mwanzo wa bafa, inasoma nje. Jibu linalorudi ni stringi tupu, yaani jibu sahihi kabisa. Jaribio linalolinganisha matokeo peke yake litapita, na kosa litabaki ndani.

Hatua ya 3: Ipe herufi zisizo za ASCII (zilizo nje ya herufi za msingi za Kiingereza)

Mombasa hii ya mshairi Muyaka bin Haji iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne na karne, na mtu ana haki ya kuweka jina la steji kwa herufi hizo. Katika UTF-8, mfumo wa kuwakilisha herufi kwa baiti, herufi م ni baiti mbili: 0xD9 na 0x85. Kwenye Linux ya x86, `char` inaweza kuwa hasi, basi 0x85 inakuwa -123. `isspace` inakubali EOF (alama ya mwisho wa faili) au thamani zinazoingia kwenye `unsigned char` tu. Ukiipa -123, kiwango cha C hakiahidi chochote. Kwenye Linux ya ARM `char` kwa kawaida haina hasi, kwa hiyo kosa lilelile linaweza kujificha huko.

Kubadilisha kuwa `isspace((unsigned char)*s)` kunaondoa hatari hiyo, ila jibu bado linategemea lokali (mipangilio ya lugha ya mashine). Kwa kazi hii napendelea kutaja nafasi zenyewe:

```c
static int ni_nafasi(char c)
{
    return c == ' ' || c == '\t' || c == '\n' || c == '\r';
}

char *pogoa(char *s)
{
    size_t n = strlen(s);
    while (n > 0 && ni_nafasi(s[n - 1])) n--;
    s[n] = '\0';
    while (ni_nafasi(*s)) s++;
    return s;
}
```

Sharti la `n > 0` lazima litangulie. Ukiligeuza liwe la pili, umelirudisha kosa la hatua ya 2.

Hatua ya 4: Thibitisha kwa mashine

Kompaili toleo la mchangiaji kwa `gcc -g -Wall -Wextra -fsanitize=address,undefined`, kisha ipe `strdup("")` na `strdup("   ")`. Kwa chaguo la `-fsanitize`, linalokagua kumbukumbu, programu itasimama na kukutajia mstari uliosoma nje ya bafa. Nakili ripoti hiyo, itakuokolea mabishano.

Hatua ya 5: Andika maoni yanayotendeka

Taja ingizo, taja kinachotokea, pendekeza dawa. Kwa mfano:

"Ahsante kwa kazi hii, ndugu yangu. Kwa stringi tupu, `mwisho` inatoka nje ya bafa. Ripoti nimeiweka hapa chini. Naomba tuhesabu kwa `size_t` tukianzia nyuma, na tuongeze majaribio manne: stringi tupu, nafasi tupu peke yake, nafasi mbele na nyuma, na jina linaloishia na م. Kwenye maelezo tuseme pia kwamba anayeiita ahifadhi pointa ya mwanzo kwa ajili ya `free`."

Marekebisho yakija, endesha majaribio hayo manne mwenyewe, kwa chaguo zilezile za kompaila, ndipo uidhinishe.