Kabla hujatabiri moshi wa kiangazi

Kuanzia Mei hadi Oktoba, nyika na miombo ya Angola, Zambia, kusini mwa Kongo na magharibi mwa Tanzania huchomwa kwa ajili ya mashamba, malisho na uwindaji. Kama wagonjwa wa pumu, walimu au marubani wanakutegemea uwaambie hewa ya kesho, pitia haya kwanza.

Anza na moto wenyewe. Ramani ya FIRMS ya NASA, inayoonyesha moto ulioonwa na setelaiti, ni ya bure. Tumia VIIRS, kihisi cha setelaiti ambacho kila nukta yake ni mita 375. Nukta ya MODIS, kihisi cha zamani zaidi, ni kilomita 1 na moto mdogo wa shamba huipita. Ila VIIRS hupita karibu saa saba na nusu, mchana na usiku. Moto uliowashwa saa tisa alasiri ukazimika kabla ya usiku hutauona kabisa, na penye wingu ni hivyo hivyo. Ramani tupu si ushahidi wa hewa safi.

Usihesabu nukta tu. Uliza kinachoungua: nyasi kavu huwaka kwa mwali, magogo na majani mabichi hufuka, na kilo inayofuka hutoa chembechembe nyingi kuliko kilo inayowaka.

Upepo usiuchukue wa kimo cha mita 10 pekee. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo hata upepo wa kimo cha mita 1,500 uko karibu na mapaa. Tazama na ule wa mita 3,000.

Sasa kimo cha moshi, maana hapa ndipo watu huumia. Picha ya setelaiti ya unene wa moshi hupima nguzo yote ya hewa, toka ardhini hadi juu, bila kusema moshi uko wapi ndani yake. Nje ya pwani ya Angola, moshi wa bara mara nyingi huelea juu ya mawingu: ramani nyekundu, na baharia chini huenda anavuta hewa nzuri. Bondeni mambo hugeuka. Usiku wa kipupwe ardhi hupoa, hewa baridi hutuama chini, na hewa ya joto hukaa juu yake kama mfuniko wa chungu. Tabaka la chini ambamo hewa hujichanganya, ambalo mchana lilifika kilomita 2, likishuka hadi mita 200, moshi mpya unaotoka chini una nafasi ndogo mara kumi ya kutawanyika, na majiko ya jioni yanaongeza wake. Picha hizo huhitaji mwanga wa jua, hivyo usiku huna cha kutazama. Halafu jua likipanda, kwenye saa mbili au tatu asubuhi, hewa huanza kujichanganya na kuushusha hata moshi uliosafiri usiku juu ya mfuniko. Aliyetegemea picha ya jana mchana atakuwa ameshatangaza hewa nzuri. Kwa hiyo tafuta kimo cha tabaka hilo kwa kila saa tatu, na utabiri wako uugawe: usiku, alfajiri, asubuhi, mchana. Wastani wa saa 24 peke yake huificha ile saa mbaya.

Utabiri wa CAMS, huduma ya Ulaya ya kufuatilia angahewa, hufika siku tano mbele, lakini kwa miraba ya kilomita 40 hivi. Bonde lako halimo. Tena miundo mingi ya utabiri ya kompyuta huchukulia kwamba moto wa leo utawaka na kesho. Mvua ya kwanza ikinyesha, sahihisha kwa mkono.

Linganisha na vipimo vya chini. Vihisi vya bei nafuu huzidisha PM2.5 (chembechembe ndogo zisizozidi maikromita 2.5) kwenye moshi, pengine karibu mara mbili, na unyevu wa alfajiri huzidisha tena. Virekebishe kwa kipimo rasmi kilicho karibu. Taarifa za viwanja vya ndege zina FU kwa moshi na HZ kwa utusitusi. Kiwango cha WHO cha PM2.5 ni maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24.

Ukitangaza, taja mtaa na saa. Ukikosea, toa sahihisho siku hiyohiyo. Na kagua tundu la kihisi kila wiki, buibui hupenda kuweka utando humo.