Maiki isiyo na waya ikikatakata ukumbini
MC akisogea hatua mbili tu sauti inapotea? Betri ikiwa nzima, tazama antena za risiva, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya maiki. Mawimbi yanagonga kuta na mabati, yanafika kwenye risiva kwa njia tofauti na kuuana. Pale antena moja haipati kitu. Ndiyo maana risiva nyingi zina mbili: hii ikipoteza, ile inashika. Sasa watu wanazilaza zote nyuma, ndani ya raki ya chuma! Zifungue kama herufi V, ncha ziachane kwa sentimita 15 au zaidi, na risiva ikae juu ya vichwa vya watu, ikitazamana na jukwaa. Kisha tembea na maiki ukiangalia taa za A na B kwenye risiva, zinazoonyesha ni antena ipi inashika. Zinapokezana? Safi. Inawaka moja tu muda wote? Kagua kama antena ile nyingine imekazwa vizuri.